Baiskeli Mbili, Mkwe Mmoja

Mliniacha wiki iliyopita nimeketi kwenye ngazi za jengo letu, nimenuna, basi la wafanyakazi limefutwa na mimi nimechelewa kazini tena.

Kwa anayekutana nami leo, niseme kwa kifupi. Mimi ni mjane. Nanyoosha mashuka katika kitengo cha kufulia cha hospitali. Naishi ghorofa ya nne na mwanangu, mke wake na mapacha wao. Mke wa mwanangu anataka niache kazi nikae nyumbani nilee watoto. Mimi sitaki. Vita vyetu viko hapo, mengine yote ni moshi tu.

Si kwamba siwapendi wale watoto. Nawapenda sana, hasa wakilala. Lakini nimelea wangu, nikalea wa dada yangu, nikamlea na marehemu mume wangu ambaye alikuwa mtoto kuliko wote. Zamu yangu imekwisha.

Kazini nina mashine yangu. Unaingiza shuka limekunjamana kama uso wangu, linatoka upande wa pili limenyooka kama uso wa bibi harusi. Nyumbani hakuna kinachonyooka nikikigusa, kuanzia kwa mkwe.

Basi mwanangu akaona ninavyoteseka kwa miguu, akaahidi kuninunulia baiskeli. Tukaenda dukani sote, mkwe akiwa na pacha mmoja kila mkono na uso umekunjwa katikati.

Mwenye duka, mzee mwenye vidole vyeusi kwa grisi, akatutolea mbili.

"Hii ya mlima," akasema. "Tairi nene, springi mbele. Shimo unalipita kama umekaa kwenye kochi. Ila ni nzito. Na hii ya mbio. Tairi jembamba, nyepesi, unainyanyua kwa mkono mmoja. Kwenye lami inaruka. Kwenye tope utalia. Njia yako ya kazini ikoje, bi mkubwa?"

"Ziko mbili. Ya kando ya reli ni fupi, imejaa tope na mawe. Ya lami inazunguka mji mzima kama mtu anayemkwepa mkwewe."

"Hapo sasa lazima uchague njia kwanza, ndipo uchague baiskeli."

"Atachukua ya mlima," mkwe akadakia.

Nikageuka. Tangu neno baiskeli litajwe nyumbani, kazi yake ilikuwa kucheka. Mama, na mifupa hiyo? Mama, utaanguka utupe kazi ya kukuokota. Leo ananichagulia!

"Wewe unaendesha nini hata uchague?" nikamuuliza.

"Nakujali, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu leo. Mzee, hebu ipandishe kiti kidogo hiyo ya mlima."

Mwenye duka akanipima kwa macho, kutoka utosini hadi chini, safari isiyo ndefu. "Mwenye baiskeli ni mfupi. Kiti kipande cha nini?"

"Pandisha tu." Mwenye duka hakukigusa.

Nikaelewa papo hapo. Anataka miguu yangu ining'inie, nianguke, nivunjike kiuno, nilale kitandani na mapacha wamelazwa ubavuni kwangu kama mito.

"Mimi nataka ya mbio," nikasema. Hata kuigusa nilikuwa sijaigusa.

"Mama, tairi lenyewe kama uzi!"

"Ndiyo hiyo hiyo ninayoitaka."

"Jamani, jamani," akasema mwanangu. Tangu aoe hajapata neno jingine.

Mwenye duka akafuta mikono yake. "Sikilizeni. Mtu aliyekasirika simuuzii baiskeli, kesho yake ananirudia. Chukueni zote mbili. Bi mkubwa aende kazini na moja kesho, na ya pili keshokutwa. Asiyoitaka mnirudishie. Ila akishachagua, amechagua. Mimi sibadilishi."

Tukazikokota nyumbani, tukazipandisha hadi juu, tukaziegemeza kwenye korido. Mwanangu ni fundi wa lifti, na anaishi katika jengo ambalo halijawahi kuwa na lifti. Mungu naye ana utani wake.

Asubuhi nikaanza na ya mlima, kusudi nipate la kuisema. Nikavaa suruali ya marehemu, ambaye alipokuwa hai hakuniruhusu hata kuikunja. Nikateremsha lile dude ngazi kwa ngazi, linagonga kila mlango, jengo zima likaamka likanitukana.

Nikashika njia ya reli. Niseme ukweli: ilikuwa tamu. Mawe, mashimo, madimbwi, napita tu kama malkia. Nikafika kabla ya wote. Nikaingia kitengoni kifua mbele, nasalimia kila mtu. Kila ninayempita anaanza kucheka.

Msimamizi wetu tunamwita Pasi, maana ni wa moto na akipita watu wananyooka. Akasimama mbele yangu.

"Geuka," akasema.

Nikageuka.

"Hii nini?"

"Mgongo wangu."

"Huu si mgongo, ni shamba."

Baiskeli ile haikuwa na madigadi, yale mabati yanayofunika tairi lisikurushie tope. Tairi la nyuma lilikuwa limenichora mstari mmoja mnene, kutoka makalioni hadi kwenye kisogo, na mimi natembea nao kifua mbele.

Sasa kwetu kufulia kuna ukuta katikati. Huku ni upande mchafu, yanakoshushwa mashuka ya wodini yakiwa na kila alichotoa mgonjwa. Kule ni upande safi, yanakotoka yamefuliwa, tunayanyoosha na kuyakunja. Mwenye doa havuki ukuta, hata awe mkubwa wa hospitali. Na mashine yangu iko upande safi.

"Leo utachambua mashuka upande mchafu," Pasi akasema. "Na kesho ukija hivi, geukia huko huko getini. Wapo wanaoitaka hiyo mashine yako."

Nilivyovishika siku ile sivisemi, pengine mnasoma huku mnakula.

Jioni, kupanda. Kuteremsha lilikuwa tusi, kupandisha ilikuwa adhabu. Nilipofika ghorofa ya tatu ulimi uko nje. Nikainua macho. Mkwe kasimama juu ya ngazi, mikono kiunoni.

"Nikusaidie, mama?"

"Nisaidie."

"Haya," akasema. Mikono ikabaki kiunoni.

Mezani ndipo tulipolipuka.

"Si umeona?" akaanza yeye. "Ya mlima imekufikisha mapema."

"Imenifikisha na tope."

"Tope linaoshwa. Wewe si uko kufulia?"

"Kesho naenda na ya mbio."

"Utaanguka."

"Nikianguka utafurahi."

"Nifurahi nini? Nitakuuguza, hiyo ni kazi nyingine!"

"Jamani," akasema mwanangu, akaangalia sahani yake.

"Wewe nyamaza!" tukamwambia kwa pamoja. Jambo pekee tuliloafikiana mwaka huu.

Mkwe akaweka kijiko chini. Sauti yake ikashuka, na sauti yake ikishuka ni mbaya zaidi.

"Mama, mimi nimefungiwa humu tangu hawa wazaliwe. Ukuta huu naujua kuliko uso wangu. Wewe kila asubuhi unatoka, unashuka ngazi unapiga mluzi. Unajua mluzi ule unavyonichoma?"

"Kwani nakupigia wewe?"

"Unanipigia mimi. Na unajua."

Nilikuwa najua. Nikanywa maji.

"Basi kesho sitapiga," nikamwambia. "Nitatoka kama mwizi, hata panya asijue."

Na nikafanya hivyo. Asubuhi nikafunga mlango wa chumba changu taratibu, nikaitia ile ya mbio begani kama mkoba, nikashuka kimya kimya. Wepesi wake! Nilipofika chini nikaigeukia kuhakikisha kama sijaisahau juu.

Kuipanda ni jambo jingine. Usukani wake umejikunja kama pembe za beberu, na ili uushike lazima uiname, makalio juu, kichwa chini. Vijana waliokuwa wanangoja usafiri wakanipigia kelele.

"Bibi, umeangusha nini?"

"Ujana wangu!" nikawajibu. "Mkiuokota nirushieni!"

Lami ilikuwa kavu, tairi linaimba. Nikawapita wenye magari kwenye foleni, nikawatazama mmoja mmoja. Nikaona haitoshi, nikaupitia mzunguko mkubwa mara mbili, kwa raha tu, wanaouza maua wanione vizuri. Moyoni nikaamua. Ya mbio. Nitamwambia mwenye duka leo jioni, mbele ya mkwe, nione atakavyomeza mate.

Nikafika kufulia mkavu, msafi, nimenyooka. Nikaiegemeza ukutani.

Pembeni yake kulikuwa na baiskeli ya mlima.

Nikasema, zipo nyingi. Nikaiangalia tena. Ilikuwa na madigadi mapya yaliyokatwa kwenye dumu la njano, na dumu lile nililijua, maana jana usiku nililitafuta jikoni nikaambiwa limepotea. Kiti kimepandishwa juu, saizi ya mtu mwenye miguu mirefu.

Kumbe kiti kile hakutaka kipandishwe ili mimi nianguke. Alitaka kipandishwe ili yeye akae! Dukani hakuwa ananichagulia mimi. Alikuwa anachagua ya kwake.

Nikavuka ukuta mbio. Kwenye mashine yangu, ndani ya koti langu la kazi, alisimama mkwe. Pasi anamwelekeza namna ya kuingiza shuka.

"Umekuja kufanya nini?" Pasi akaniuliza, macho yamemtoka.

"Kazi! Na huyu amekuja kufanya nini?"

"Si mwanao alikuja hapa jana jioni? Alisema umechoka, unaacha, na kazi anaichukua mke wake. Nilifurahi nikakosa pa kuiweka furaha."

"Mimi sijaacha!"

"Hilo la kwenu." Pasi akatutazama kama mashuka mawili yaliyofuliwa vibaya. "Mimi nina mashine moja na nataka mtu mmoja. Atakayekuwa amesimama hapa king'ora cha kuanza kazi kikilia, huyo ndiye wangu. Atakayetoka, ametoka moja kwa moja. Malizaneni, mimi nahesabu taulo."

Akasogea pembeni. Mimi nikamsukuma mkwe kwa nyonga, yeye akanirudishia. Tukashika mpini wa mashine wote wawili.

"Nyoka wewe," nikamwambia.

"Nimefundishwa na nani?"

"Vua koti langu."

"Nitalivua jioni, kazi ikiisha."

Nikakumbuka silaha yangu. "Na watoto umemwachia nani, mama mzazi?"

Akaduwaa.

"Si wewe?" akasema.

"Mimi si huyu hapa!"

"Mlango wako ulikuwa umefungwa. Sikukusikia ukitoka. Hakuna mluzi, hakuna chochote. Nikajua umelala, umekubali yaishe. Nikafunga mlango wa nje nikaja." Mkono ukaanza kumtetemeka. "Mama, nilijua uko ndani!"

"Na baba yao?"

"Amekwenda kazini."

"Dirisha la jikoni?"

Dirisha la jikoni kitasa chake kimevunjika, na mapacha wanapenda kupanda juu ya sinki waone njiwa. Ghorofa ya nne.

Pasi akaacha kuhesabu taulo.

"Nenda!" nikamwambia mkwe.

"Nenda wewe!"

"Wewe ndiye mama yao!"

"Wewe ndiye bibi yao! Unaijua njia!"

"Nikitoka hapa sina kazi!"

"Na mimi nikitoka?"

Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. Mkono wake mpini haujauachia. Kitengo kizima kimesimama kinatutazama, mpaka wale wa upande mchafu wamechungulia mlangoni. Akatazama saa ya ukutani. Mimi nikaitazama pia.

Ningependa kuwaambia nilifikiri sana. Sikufikiri. Niliwaona wawili wale juu ya sinki, wananyooshea njiwa vidole, na miguu yangu ikawa imeshatoka nje kabla sijaipa ruhusa.

Ukutani baiskeli mbili. Yangu niliyoiapia, nyepesi, ya lami, ya kuzunguka mji mzima. Na ile ya adui yangu, ya njia fupi.

Nikanyakua ya adui.

Kiti kilinifika mbavuni. Sikukaa. Nilisimama juu ya pedeli njia nzima ya reli, napiga kelele watu wapishe, tope linaruka. Nyuma yangu nikasikia king'ora kikilia, kirefu, kama kinanizika. Mashine yangu ikawa ya mtu mwingine. Sikugeuka.

Nilipofika uwanjani kwetu nikainua macho. Dirisha la jikoni liko wazi. Chini hakuna kitu. Nikaitupa baiskeli, nikapanda ngazi kwa mikono na miguu, nikaupiga mlango kwa kichwa na magumi.

Mlango ukafunguliwa.

Mwanangu. Amevaa aproni ya mke wake, pacha mmoja shingoni, mwingine ameng'ang'ania mguu, mkononi kikombe cha maziwa.

"Mama? Mbona umelowa tope?"

Nikashika ukuta. Pumzi haziji.

"Wewe... hukwenda kazini?"

Akaangalia chini. "Kazi gani, mama. Walitupunguza mwezi uliopita."

"Na kila asubuhi ulikuwa unatoka na begi la vifaa?"

"Nilikuwa nakaa stendi mpaka jioni. Kuanzia leo tumekubaliana nikae na watoto."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungecheka."

Ni kweli, ningecheka.

Kisha neno moja likanirudia kichwani. Tumekubaliana.

"Mkeo anajua uko hapa na watoto?"

Akanishangaa. "Atakosa vipi kujua? Hii aproni kanifunga yeye."

Nilikaa sakafuni. Zile kelele. Ule mkono unaotetemeka. Yale machozi hadi kidevuni! Nimeishi na mume mwongo, nimezika ndugu waongo, lakini kilio cha namna ile sijapata kukiona. Alijua kitu kimoja tu kitaniondoa kwenye mashine ile, akakichukua akanirushia. Mimi ndiye niliyemuuliza kuhusu watoto, yeye akaudaka mpira hewani.

"Alikuambia atanidanganya?" nikamuuliza mwanangu.

"Kukudanganya nini?" Alionekana hajui kweli. Kisha, kama mtu anayetafuta pa kuuweka uso wake, akachungulia chini kupitia dirisha la ngazini. "Mama, ile baiskeli usiitupe hivyo. Mke wangu ameshaichagua."

Hapo ndipo nikasimama.

"Wavishe watoto viatu," nikasema.

"Kwa nini?"

"Wote wawili. Na wewe vua hiyo aproni. Au baki nayo, ni bora zaidi. Mkeo amelia mbele ya kitengo kizima kwamba wanawe wamefungiwa peke yao. Pasi amesikia kwa masikio yake. Nataka awaone, na baba yao, na maziwa yao."

Mwanangu akaelewa taratibu, kama lifti mbovu inayopanda. Uso ukambadilika.

"Pasi akijua, atamfukuza."

"Ndiyo."

"Na wewe ameshakutoa. Hatakurudisha, unamjua. Mama, hatutakuwa na mtu hata mmoja anayefanya kazi katika nyumba hii!"

"Hayo ungeyafikiri ulipokwenda kuniuza."

Akamshusha mtoto. Akaufunga mlango, akauegemea kwa mgongo, mkono huku na mkono huku. Mtoto niliyemfundisha kusimama.

"Hupiti," akasema. Hakusema jamani hata mara moja. "Ukitoka na watoto hawa kwenda kummaliza mama yao, mama, humu ndani usirudi."

Tukatazamana. Hapakuwa na utani usoni mwake, na mimi wa kwangu uliniishia.

Chini yetu, sakafuni, mapacha walikuwa wameshavaa viatu, kila mmoja kiatu kimoja chake na kimoja cha mwenzake. Wakasimama kati yangu na baba yao, wakashikana mikono, wakangoja mlango ufunguliwe.